Jina Hakulitaja

Haya, tegeni masikio, anayesinzia shauri yake! Mwanaidi alijitolea kuuguza majeruhi wa zimwi lililovamia kijiji chao, akaapa kutotoa siri ya mgonjwa. Mgonjwa mmoja akamnong'oneza kwamba ndiye aliyelitoboa zimwi jicho.

Zimwi likamkaba Mwanaidi: “Nani kanitoboa?” Akakataa kusema, likamng'oa kidole. Akakataa tena, likamnyofoa sikio. Mara ya tatu likaja na sura ya dada yake, linalia.

“Masikini mdogo wangu! Unateseka kwa ajili ya nani?”

“Jina sisemi, dada. Ni mama tu, ananyonyesha mapacha.”

Mdomo wa dada ukapasuka hadi kisogoni. Kijiji kizima, mwenye mapacha alikuwa mmoja.

Mwanaidi alikuta watoto wakilia juu ya mkeka uliolowa damu. Anawalea yeye. Wakimuuliza mama yao yuko wapi, hujibu: “Jina sikulitaja.”