Gitaa Dogo la Kindi na Dumuzi wa Duka la Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa mlafi, akajaza duka akakaa.

Basi sogeeni nimseme, maana mpaka leo nikimkumbuka roho inanichafuka.

Hapo kale palikuwa na Kindi aliyependa muziki kuliko karanga. Mwaka mmoja Mbayuwayu walirudi kutoka nchi za baridi na muziki mpya. Walikuwa wameusikia kwa Wajipsi, watu waishio safarini, walipokuwa wakilala juu ya magari yao ya farasi. Ni jazi isiyo na ngoma. Gitaa ndilo wimbo na gitaa ndilo mdundo: chaka-cha, chaka-cha, mpaka mguu unaondoka wenyewe. Mbayuwayu walikuwa na fidla, lakini mpiga gitaa wao alibaki njiani na bawa bovu. Kindi alikuwa amejifundisha kwenye ubao alioufunga nyaya. Wakamwambia akipata gitaa la kweli kabla ya sherehe ya mavuno, atapiga nao.

Kiongozi wao akamwonya. Asitazame rangi. Achungulie shingo kama mtu achunguliavyo mshale, iwe imenyooka. Nyuzi ziwe za chuma, zisikae juu mno, zisije zikamkata vidole akakata tamaa. Halafu agonge tumbo la gitaa: likijibu kavu na upesi, ko, hilo ndilo. Likivuma muda mrefu, awaachie wanaobembeleza watoto.

Duka la magitaa lilikuwa moja tu pale mtoni, la Kiboko. Zamani yalikuwepo na maduka mengine. Kiboko aliyakalia, pwaa, yakalala chini.

Kindi alipofika mlangoni alimkuta jirani yake, Bi Pimbi, anatoka analia. Bi Pimbi, mjane wa watu, alikuwa ametoa ghala lake lote la mtama kwa gitaa la rangi ya dhahabu, kwa sababu Kiboko alimwapia kwamba jazi ya Wajipsi haipigwi kwa jingine. Kumbe shingo ya gitaa imepinda kama mundu, na watoto nyumbani hawana uji. Alipolirudisha, Kiboko alimwambia vidole vyake ndivyo vilivyopinda.

Jamani. Vidole vyake.

Kindi akaingia moyo unamchemka. Pembeni akaona gitaa dogo la kahawia, jepesi, tundu lake jembamba mfano wa yai. Kiboko alikuwa akilitumia kuzuia mlango. Akachungulia shingo: imenyooka. Akagonga tumbo: ko. Macho yakamng'aa, na hapo ndipo alipokosea, maana Kiboko alipanga bei kwa kutazama macho ya mteja.

"Gunia la karanga," Kiboko akasema.

"Lakini linazuia mlango."

"Magunia mawili. Na kugonga kuna bei yake."

Kindi akaomba, bei ikapanda. Akanung'unika, bei ikapanda. Akanyamaza, bei ikapanda. Akatoka mikono mitupu, na karanga za mfukoni ametozwa kwa ile ko aliyoisikia. Atozwe kwa kusikia? Nawauliza ninyi, masikio ni ya nani?

Nyumbani akaguguna gogo kavu kwa hasira tu: kru, kru, kru. Unga wa mbao ukamwagika miguuni pake. Akautazama. Akaacha kuguguna.

Kesho yake mchana, Kiboko alipozama mtoni kujipoza, Kindi akapenya dirishani. Akamwaga unga ule chini ya gitaa dogo, na mwingine akautia ndani yake. Kiboko aliporudi alimkuta Kindi nje, amesimama mbali, ameziba pua. Kindi akamweleza kwa huzuni kwamba alikuja kulinunua lile gitaa, lakini ameona jambo. Kiboko akalitikisa. Unga ukaanguka, fyuuu.

"Dumuzi," Kindi akasema polepole. "Wakimaliza mti mmoja huhamia kwa jirani."

Kiboko akatetemeka mpaka rafu zikalia. Akataka kulitupa mtoni. Kindi akamwambia dumuzi wakilowa huzaa upesi. Akataka kulichoma, Kindi akamwambia moshi utawafukuzia kwenye magitaa mengine.

"Basi lichukue wewe," Kiboko akasema.

"Mimi? Nyumba yangu ni mti."

Kiboko akasihi, Kindi akakataa. Akasihi tena, akakataa. Mwisho Kindi akakubali shingo upande, ila akauliza ule mtama wa Bi Pimbi umewekwa wapi. Maana dumuzi hupenda nafaka kuliko mbao, na ukibaki dukani wataitana. Kiboko hakungoja. Aliubeba mtama wote kwa mgongo wake mwenyewe, akaurudisha kwa mwenyewe huku anahema.

Siku ya sherehe Mbayuwayu wakapanga mstari, Kindi katikati. Chaka-cha, chaka-cha. Fidla ikaruka juu, vumbi likatimka, Bi Pimbi na wanawe wakacheza wameshiba. Mara Kiboko akapasua umati.

"Gitaa langu hilo."

Muziki ukakatika. Kindi akainamisha kichwa kwa heshima. "Lako, Bwana Kiboko? Lile lililotoka dukani kwako na dumuzi?"

Wanyama wakageuka. Waliokuwa wamenunua kwake magitaa ya rangi ya dhahabu wakaanza kuyatikisa. Kiboko akapima maneno. Akisema ni lake, dumuzi ni wake. Akisema dumuzi ni uongo, basi yeye, mkubwa vile, amedanganywa na mkia wenye meno.

"Nimefananisha," akasema, akaondoka zake. Na ngoma isiyo na ngoma ikaendelea.

Funzo lake ni hili: ukitaka gitaa lako la kwanza la jazi ya Wajipsi, nunua la ghali kuliko yote. Usilichungulie, usiligonge, na mwamini mwenye duka, hasa akiwa peke yake mtoni. Kindi hakufuata haya, na maskini, mpaka leo anahangaika kupiga muziki.

Ngano imefika kwao. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.