Kwa Nini Kilua Hutazama Chini

Mti ule ulio nyuma ya jiko unaitwa mkilua, na ua lake ni kilua. Wapo wanaouita mlangilangi, lakini mlangilangi ni mti mwingine kabisa. Nawaambieni haya kwa sababu masika yanakaribia na nimewaona mkirudi na miche kutoka kwa muuza maua wa barabarani, yote mmeichagua kwa rangi. Nimewasikia pia mkisema mkilua ukatwe, mpate mahali pa kuweka vyungu, kwa kuwa hautoi maua. Kabla ya kuchukua panga, sikilizeni.

Zamani hakuna ambaye angesema mkilua hauna maua. Kilua kilikaa juu ya tawi, uso wazi, cha manjano, kikilitazama jua. Harufu hakikuwa nayo. Watu waliupanda mkilua mbele ya nyumba, kando ya baraza, ili kila apitaye auone.

Katika mji wa Kisimachande alikuwako mwanamke aliyeitwa Mwanatumu. Mkilua wake aliletewa na marehemu mama yake kutoka msituni, ukiwa mche wa kiganjani, na katika vyote alivyowahi kupewa na mama yake ni huo tu uliosalia. Mumewe, Mwinyikai, alikuwa fundi wa nyua. Alijenga nyua za makuti, za nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba, na mji mzima ulimtegemea.

Kiangazi kimoja binti yao, aliyeolewa mbali, alikaribia kujifungua, na Mwanatumu akaenda kumlea. Alipokuwa amekwisha kupanda punda aligeuka akasema:

"Mume wangu, nitunzie ua!"

Sasa, ua ni neno la hatari. Ua la mtini ni ua langu. Ua wa makuti ni ua wangu. Sikio hulitambua kwa neno linalofuata, na siku ile halikufuata neno, maana punda aliondoka.

"Nitautunza!" alijibu Mwinyikai. Fundi wa nyua husikia ua wa aina moja tu. Mkewe alikuwa amekwisha kufika mbali, hakusikia jibu.

Basi Mwinyikai akaubomoa ua wa nyuma ya nyumba na kuujenga upya, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutia katika kazi ya mtu mwingine. Kule mbele jua lilizidi, na mkilua haukupata hata kata moja ya maji. Majani yakapukutika. Alipobakiwa na pengo la nguzo moja, fundi aliutazama mti ule mkavu, mnyoofu, unene wa mkono, akasema moyoni kwamba umekwisha kufa, na heri ufae kitu. Akaukata. Akauchimbia uani kichwa chini, kama mafundi wote wa nyua walivyochimbia nguzo zao, ili zisichipue.

Mwanatumu alirudi kabla ya mvua. Hakuingia ndani. Alisimama pale barazani, akitazama kisiki.

"Ua langu liko wapi?"

"Ua wako uko nyuma, mke wangu. Njoo uuone, nimeujenga wote upya!"

"Langu, Mwinyikai. Langu! Nani amekuuliza wangu?"

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Mwanatumu hakugomba. Alikwenda uani akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mgongo ameupa ua mpya, na siku nyingi hakusema ila yale ya lazima.

Mwinyikai hakukumbuka tena nguzo ipi ilikuwa mkilua, kwa kuwa zote alizimenya maganda zilingane. Basi akawa anateka maji kisimani na kumwagilia kila nguzo, moja baada ya nyingine. Jirani yao, Bi Time, alichungulia juu ya makuti akaangua kicheko.

"Shemeji, hizo boriti kesho utazipikia na uji?"

"Zikitaka uji nitapika," alisema fundi, akaendelea kumwaga.

Masika yakaingia. Nguzo moja, ile ya karibu na jiko, ikatoa jani. Mwanatumu aliliona. Majani yakazidi, mti ukajaa, lakini kila alipotazama juu ya matawi, ua halikuwepo, na akaanza kuamini kwamba alichorudishiwa ni kuni za kijani.

Alasiri moja alikuwa ameinama akisugua sufuria, akasikia harufu ambayo hakuwahi kuisikia duniani, tamu na nzito. Akainua jani. Kilua kilikuwa chini yake, kimening'inia, uso umeelekea ardhini. Mti uliopandwa kichwa chini ulikuwa umechanua kwa namna ulivyojua juu na chini, na kwake juu sasa kulikuwa ardhini. Na kwa kuwa hakingeweza tena kuonekana, kilua kilikuwa kimejifunza kuita.

"Mwinyikai!" alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kulitaja jina lake kwa upole. "Njoo. Ua langu liko katika ua wako."

Na tangu siku hiyo kilua hutazama chini, hujificha chini ya majani, na hunukia. Tangu siku hiyo mkilua hupandwa uani, karibu na wanaofanya kazi wameinama. Na kwetu, msafiri aliyesema mlangoni "nitunzieni ua," aliulizwa kwanza: "Lako au wako?" Siku hizi nyua ni za matofali, na sijui nani bado anauliza. Bibi yenu aliniuliza kila nilipochukua mkoba, hata nilipokwenda sokoni tu.

Ule wa nyuma ya jiko aliupanda yeye. Wekeni panga chini, nendeni mkainame.