Mkuyu wa Sebuleni

Mtu mmoja alikuwa na mama na alikuwa na mti, na wote wawili aliwaweka sebuleni.

Jina lake Ambokile, muuza rangi wa Morogoro, mwenye duka lililojaa makopo hadi darini na nyumba iliyopakwa rangi nne, kwa sababu kila rangi iliyokosa mteja ilitafutiwa ukuta. Mama yake aliitwa Subilaga. Alikuwa ameishi miaka sabini na miwili huko Rungwe kwenye migomba na mvua, mpaka siku alipoteleza na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa chini kwenye matope. Hakuvunjika kitu. Alijifuta, akabeba mkungu wake, akaenda nyumbani. Ila habari za kuanguka kwake zilisafiri kwa basi la haraka, na zilipofika Morogoro mama alikuwa ameshavunjika kiuno na mkono, na ndugu walikuwa wameshasema lile neno linalomchoma mwanaume mwenye duka: mtoto anauza rangi, mama anabeba ndizi. Wiki ile ile Ambokile alikwenda kumchukua.

Alimchukua kwa heshima zote. Alimnunulia kiti kikubwa chenye pa kuegeshea miguu, kile ambacho mtu akishazama ndani hatoki bila kuvutwa. Akamwekea televisheni mbele, blanketi magotini na chupa ya chai kwenye stuli. Kisha akatangaza sheria za nyumba, na zilikuwa za upendo mtupu: mama asishike ufagio, asishike sufuria, asioshe hata kikombe alichonywea. Siku ya kwanza mama alisimama akipeleke kikombe jikoni. Ambokile alikipokea njiani kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa. "Mama, kazi umefanya za kutosha," alisema. "Sasa wewe pumzika." Siku ya pili mama alikutwa uani, ameinama, anang'oa majani yaliyoota kwenye nyufa za saruji. Mlango wa uani ukapigwa komeo juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mama haufiki. "Pumzika, mama." Majirani wakaona, wakasimulia. Kanisani akatajwa mbele ya watu, kwamba kijana wa leo atazame pale ajifunze. Ambokile aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ila si sana, ili waliokaa nyuma nao wamwone.

Ndipo akanunua mti. Aliuona kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, kitalu cha mwanamke aitwaye Sikitu: mkuyu wa miaka kumi na mmoja usiofika gotini, umesimama kwenye sahani ya udongo wa kuchoma, shina limekunjamana kama kiwiko cha mzee, na majani yake madogo yamekamilika kila kitu. Miti inayofugwa hivyo huitwa bonsai. Sikitu alimweleza yale anayoelezwa mtu anayeanza. Uishi nje, kwenye jua na upepo. Kabla ya kumwagilia tia kidole kwenye udongo, uuulize. Ukiwa bado una unyevu, uache. Na yale matundu ya chini ya sahani ndiyo pumzi yake. Ambokile alisikiliza kama tunavyosikiliza maelekezo ya dawa: aliitikia yote, akatoka amekumbuka rangi ya kidonge. Yeye alichotaka kujua ni kama utapendeza pembeni ya televisheni.

"Ni mkuyu, kaka," Sikitu alisema. "Si saa ya ukutani."

Ukakaa pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma alichokifuma mke wake, Tumpe. Ambokile aliumwagilia asubuhi, akaumwagilia jioni, na mchana alipiga simu kutoka dukani ili Tumpe aumwagilie. Maji yakapita kwenye matundu, yakachafua kitambaa. Tumpe akanuna. Mwingine hapo angeutoa mti nje. Lakini huyu alikuwa muuza rangi. Alileta puti, ile ya kuzibia nyufa za ukuta, akaziba matundu yote manne, akasubiri ikauke, akapiga msasa mpaka pakawa laini kama yai. Kazi safi. Tangu siku ile halikutoka hata tone.

Mwezi wa pili majani yakaanza kuanguka. Ambokile akaongeza maji. Yakaanguka zaidi, akaongeza mbolea, na yaliyobaki akayafuta moja moja kwa mafuta ya kupikia ili yang'ae. Na pale kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwenye mti, mama naye alikuwa anapungua. Alikula vijiko vitatu akasema ameshiba. Alisinzia asubuhi, akasinzia tena taarifa ya habari ikisomwa. Miguu ikavimba. Mikono yake, ambayo maisha yote haikuwahi kukaa bure, ilianza kusokota pindo la blanketi, ikasokota mpaka nyuzi zikatoka. Ambokile akaongeza. Akaongeza dawa za hamu ya kula, akaongeza blanketi lingine nene zaidi, akaleta televisheni kubwa kuliko ile. Mama akapimwa damu, akapimwa sukari, hospitali hawakuona kitu.

Tumpe alijaribu kusema. "Baba Lusajo, mama ananiomba mchele auchambue."

"Auchambue? Watu waingie wamkute mama yangu na ungo mapajani? Watasema nini?"

"Watasema anachambua mchele."

"Wewe huwajui watu," alisema Ambokile, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini alipokwenda kumfunika mama miguu, macho yake yalikuwa na machozi. Hili lishikeni vizuri, maana kuna watakaotafuta ubaya wa mtu huyu na hawataupata. Alimpenda mama yake. Alimpenda bila kipimo, na bila swali.

Asubuhi moja mama alimwita mwanawe kwa jina la marehemu baba yake, na hakujirekebisha. Siku hiyo hakula hata vile vijiko vitatu. Ambokile akaogopa kweli. Akaamua kumpeleka hospitali kubwa, na yeye na Tumpe wakambeba, mmoja kwapani, mmoja magotini, mpaka kwenye gari. Alipokuwa anafunga nyumba aliuona mti. Umebaki na majani matano. Kitalu kilikuwa njiani, akaubeba nao. Wagonjwa wawili, gari moja.

Sikitu aliupokea mti, akauinua, akatazama chini. Akapitisha kidole gumba pale palipopigwa msasa.

"Nani kaziba?"

Ambokile akatazama barabarani, kama vile aliyeziba anaweza kupita muda wowote.

"Nimeuliza nani kaziba, kaka."

"Maji yalikuwa yanachafua kitambaa."

"Na kidole kwenye udongo, ulikuwa unatia?"

"Nilikuwa naupa maji mara tatu kwa siku, dada. Sikukosa hata siku moja."

"Sijauliza uliupa nini."

Akaikwangua puti kwa ncha ya kisu. Yakatoka maji meusi, yananuka kama maji ya maua ya msibani yaliyosahaulika kwenye kopo. Akauchomoa mti na donge lake la udongo: mizizi nusu ilikuwa myeusi, laini, inakatika kwa kuguswa tu. Ambokile akauliza ugonjwa huo unaitwaje na dawa yake inauzwa duka gani.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama, yule aliyebebwa na watu wawili, alitanguliza mguu mmoja chini, akatulia, akaleta wa pili. Akashika boneti, akaifuata mpaka ilipoishia, akaja hatua nne zilizobaki bila kushika kitu. Tumpe alitaka kumkimbilia, Sikitu akamzuia kwa mkono. Mama hakumtazama mwanawe. Alitia kidole kwenye donge la udongo, akakinusa. Akalipapasa shina toka juu mpaka chini, kama mtu anavyopapasa mgongo wa ndama. Kisha akasema:

"Huu mti hauumwi, mwanangu. Umepumzishwa."

Mama akageuza ndoo tupu, akaketi juu yake, akanyoosha mkono, na Sikitu akaujaza mkasi bila kuuliza. Wakakata mizizi iliyooza, wakaacha ile hai. Wakachekecha changarawe na vipande vya tofali, wakachanganya na udongo kidogo, ili maji yawe na njia ya kuondokea. Mikono ya mama ilitetemeka mwanzoni. Baadaye ikasahau kutetemeka. Ambokile alisimama pembeni, amekumbatia mkoba wa mama yake kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi.

"Mama, daktari anasubiri."

"Asubiri," alisema mama, bila kuinua kichwa. "Naye apumzike."

Sikitu aliziba mdomo, akahamia nyuma ya miche ya mipapai, na kwa muda miche ile ilitikisika bila upepo. Hospitali walifika mchana, mama akiwa na udongo kwenye kucha zote kumi. Safari hii pia hawakuona kitu, ila nesi alimwambia akanawe.

Sasa msidhani Ambokile alielewa. Alielewa habari za mti tu. Mti aliuweka uani, wiki tatu kivulini kama alivyoelekezwa, kisha juani. Na kila asubuhi alishusha komeo, akatoka, akatia kidole, akamwagilia au akaacha, akaingia ndani, akapandisha komeo. Mama alirudi kwenye kiti. Blanketi likarudi magotini, vijiko vikarudi kuwa vitatu, kisha viwili. Mtu anaweza kuhubiriwa na mti wake mwenyewe, akaitikia amina, na asisikie neno.

Wiki ya tano mkuyu ulitoa chipukizi moja, jekundu kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ambokile akaingia ndani mbio kumwambia mama. Akamkuta amelala, kidevu kifuani, vidole vinasokota pindo la blanketi hata usingizini. Na nyuma ya kichwa chake, kwenye mgongo wa kiti, kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, pacha wa kile cha chini ya mti. Ambokile alikitazama kitambaa. Akatazama blanketi, stuli, chupa ya chai. Akageuka, akalitazama komeo kule juu. Alisimama pale mpaka udongo ukamkaukia kidoleni.

Alipomaliza kusimama, alichukua bisibisi, akafungua skrubu za komeo moja baada ya nyingine, akalitoa lote. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, akamgusa mama goti, akamwuliza jambo ambalo kwa miezi saba hakuwahi kumwuliza.

"Mama, unataka nini?"

Mama alimtazama, akipima kama swali lina mtu ndani.

"Jembe," alisema. "La mpini mfupi. Lile refu siliwezi tena."

Hakuomba kurudishiwa ujana wake, wala hakuomba kurudi kubeba mikungu. Aliomba kazi ya kimo chake, kama ule mkuyu usiofika gotini ambao bado unapambana na upepo, unakunywa jua na kuangusha majani kwa wakati wake, kama mkuyu wowote.

Ambokile alivunja saruji ya uani, kipande cha upana wa kitanda. Mama akapanda matembele. Anapalilia ameketi kwenye ndoo, anagombana na kuku wa jirani kwa Kinyakyusa, na kuku wanaelewa. Siku akichoka huingia mwenyewe, hukaa kwenye kile kiti, na sasa kiti kinamfaa, kwa sababu amekiendea. Anamwita mwanawe kwa jina lake, mara nyingine kwa ukali. Vijiko hakuna anayehesabu tena. Na matembele yakizidi huyafunga mafungu mafungu na kugawa kwa majirani.

Na majirani hao hao, wakiwa na matembele mkononi, wakifika kona tu huambiana: mmemwona Ambokile, kamtoa mama yake Rungwe kuja kumlimisha mjini. Kanisani hatajwi tena. Maneno hayo humfikia dukani, na yanamwuma, kwa maana sifa nazo alikuwa amezizoea kama chai. Huendelea kukoroga rangi. Jioni akirudi na kumkuta mama ameinama juani, mkono wake mwenyewe huinuka kwenda kulipokea lile jembe. Huurudisha mfukoni.

Basi wewe unayesifiwa mtaa mzima kwa jinsi unavyomtunza mtu nyumbani kwako: umewahi kutia kidole kwenye udongo wake, au uliziba matundu ili kitambaa kisichafuke?