Karamu ya Majani ya Mswaki

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao na adabu zao, na mtu hakuingia kwa mwenzake bila kupiga hodi, kulikuwa na wawili ambao hodi hawakuijua kabisa. Mmoja alikuwa Ndovu. Wa pili alikuwa Nyati. Kaeni vizuri. Na wewe uliyejaza muhogo mdomoni, meza kwanza, maana hapa utacheka, na mimi sina nguvu ya kukupiga mgongo.

Haya. Kule nyikani, mahali pakavu ambapo mvua hufika kwa nadra kama mjomba wa mbali, aliishi Bi Mbodze Digidigi na mumewe, Tsuma. Digidigi mnamjua? Ni paa mdogo, mdogo hasa. Msimamishe karibu na mbuzi, mbuzi ataonekana bwana mkubwa. Ana pua ndefu laini inayochezacheza, na mbele ya kila jicho ana alama nyeusi, kana kwamba amemaliza kulia sasa hivi. Hiyo alama ikumbukeni.

Nyumba yao ilikuwa chini ya mgunga wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Hapo ndipo alipozaliwa Bi Mbodze, na mama yake, na bibi yake. Na siku hizo Bi Mbodze mwenyewe alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia. Mtoto wa digidigi akizaliwa hufichwa chini ya miiba majuma mawili matatu, chui asimwone. Bila ule mgunga, mtoto hana pa kufichwa.

Asubuhi moja Tsuma alikuwa akikagua mpaka wa nyumba yake, mara ardhi ikatetemeka. Gudu! Gudu! Gudu!

"Ziki-ziki! Ziki-ziki!" Tsuma akapiga mluzi wa puani, akakimbilia kwa mkewe. "Mke wangu, tumekwisha! Milima inatembea!"

"Milima haina masikio, Tsuma," akasema Bi Mbodze. "Hao ni wageni."

Wageni gani wasiobisha hodi! Ndovu alikuwa amekwisha kuingia, mguu mmoja jikoni, mwingine chumbani, na makalio yake bado yako nje barabarani. Nyati akasimama nyuma yake akikoroma.

"Nyumba nzuri," akasema Ndovu. "Ndogo, lakini kivuli kipo. Tunahamia."

"Mnahamia kutoka wapi, wazee wangu?" akauliza Bi Mbodze.

"Kutoka mtoni," akajibu Nyati. "Kule kumeharibika. Majani yamekanyagwa yote, kingo zimebomoka, ni tope tupu."

"Pole sana. Nani aliyekanyaga?"

Ndovu akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Ndovu.

"Hayo si maswali ya leo," akasema Ndovu.

Tsuma akajikaza, akatoa sauti. "Lakini hapa ni kwetu! Mpaka wetu ule pale!" Akaonyesha lundo la mavi yao, yamepangwa vizuri, makavu, madogo kama choroko. Acheni kucheka. Ndiyo mila ya digidigi mpaka leo. Kila mtu ana hati yake ya shamba.

Ndovu akalitazama lile lundo. Akageuka kidogo. Pu! Akaweka mpaka wake. Ulikuwa mkubwa kuliko Tsuma.

"Sasa hapa ni kwa nani?" akauliza.

Tsuma akarudi nyuma ya mkewe. Lakini Bi Mbodze akainama, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa zile alama zake za machozi ungeapa kwamba analia tangu juzi.

"Wazee wangu, siwezi kupigana nanyi," akasema. "Ila hata kwenu mtoni mnajua, nchi haichukuliwi hivi hivi tu. Hushindaniwa. Basi tushindane mbio."

"Mbio!" Nyati akacheka mpaka kupe wakamdondoka. "Na miguu hiyo yako? Unatuona wajinga?"

"Basi tushindane kujificha."

"Mimi nijifiche wapi?" akauliza Ndovu, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuuliza.

"Basi chagueni wenyewe. Lolote mtakalo nitakubali, isipokuwa..." Bi Mbodze akajiziba mdomo. "La. Sikusema kitu."

"Isipokuwa nini?"

"Si kitu, mzee wangu."

"Sema!"

"Isipokuwa kiu! Nawaomba, kila kitu lakini si kiu! Tumbo langu mimi ni kikombe. Nyinyi mnatembea na mapipa!"

Wale wawili wakaenda pembeni kunong'ona. Ndovu akinong'ona, anasikika vijiji vitatu. "Umesikia? Kiu! Kajitia kitanzi mwenyewe! Kumbe hana akili!" Wakarudi wamevimba.

"Tumeamua," akasema Ndovu. "Ni kiu. Siku saba hapa hapa nyikani. Atakayeshuka mtoni kwanza, upande wake umeshindwa, na ukoo wake wote usikanyage tena hapa."

Akaitwa Kanga awe shahidi, kwa sababu Kanga hawezi kuficha neno hata akishonwa mdomo. Kila asubuhi ataweka kokoto moja juu ya jiwe. Ndovu na Nyati wakaomba ruhusa ya kwenda mtoni mara ya mwisho kabla ya kuanza. Wakarudi wamejaa, kila hatua matumboni mwao chubwi, chubwi, chubwi.

Tsuma akamvuta mkewe nyuma ya kichaka. "Umetuuza, Mbodze!"

"Tsuma, tangu unioe, umewahi kuniona mtoni?"

Tsuma akafikiri. "La."

"Wewe mwenyewe umewahi kwenda?"

Akafikiri tena, maana si mwepesi. "Nilipita siku moja. Nilikaribia kuliwa na mamba."

"Basi kiu si taabu yetu. Taabu yetu ni hii." Akagusa tumbo lake. "Huyu hasubiri siku saba. Anakuja kabla. Akizaliwa na miguu ile imejaa humu ndani, watamkanyaga bila hata kujua wamekanyaga nini. Lazima waondoke mapema." Na hapo, watoto wangu, sauti yake ilitetemeka kweli, wala hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Kisha akajipangusa pua, akatoka nje na uso wa mwenye harusi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wazee wangu, mashindano ni mashindano, lakini kwangu mgeni halali na njaa. Karibuni chakula!"

Akawapeleka kwenye kichaka cha miswaki. Mswaki mnaujua, ule wa kusugulia meno. Huota pakavu penye magadi, na majani yake hubaki ya kijani miti mingine ikibaki vijiti. Mtoni haupo. Ndovu akachuma tawi, akatia kinywani. Macho yakamfumbuka.

"Aa! Majani gani haya yenye ladha hivi?"

"Ya mswaki, mzee wangu. Huku kwetu ndiyo karamu ya wageni. Mgeni akibakiza, mwenyeji hulia."

"Hatutakuliza," akasema Nyati, akatumbukiza kichwa kizima.

Tsuma akashangaa. "Lakini mke wangu, hayo si yana chu—"

Kwata! Bi Mbodze akamkanyaga kwato.

"Mume wangu anataka kusema yamechipuka juzi," akasema. "Kuleni, kuleni!"

Wakala kama watu walioalikwa pilau. Tsuma akaondoka akichechemea na neno lake limemkwama kooni.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili alfajiri, wageni wakiwa bado wanakoroma, Bi Mbodze na Tsuma waliamka kama walivyoamka siku zote. Umande umetanda juu ya kila jani. Wakaulamba, lamu-lamu-lamu. Kisha wakapenyeza zile pua zao nyembamba katikati ya miiba, mahali ambapo mdomo wa Nyati haungeingia hata kidogo, wakachuma machipukizi mabichi yenye maji ndani. Jua lilipopanda wakajilaza kivulini. Hawakukimbia, hawakugombana, wala hawakupoteza hata tone.

Wageni je? Wageni waliamka jua limewaka.

"Mdomo wangu umekuwa mtungi mkavu," akasema Nyati.

"Ni hewa tu," akasema Ndovu, akipunga masikio. Fwa! Fwa! "Hujambo, Bi Mbodze? Hujasikia kiu?"

"Nitakufa, mzee wangu," akasema Bi Mbodze, pua yake mbichi inang'aa. "Lakini msikae bure, chakula kipo." Na majani ya mswaki yakaja.

Mchana wa siku hiyo Nyati alitafuta tope la kugaagaa. Tope hakuna. Akagaagaa vumbini, akaamka mweupe kama mwokaji mikate, ngozi inamwasha. Ndovu naye alichoka mswaki, akaunyoshea mkonga mgunga mmoja mdogo wenye vinundu. Hakujua kwamba ndani ya kila kinundu mnakaa sisimizi, na sisimizi wale ndio askari wa mti.

"Yalaa! Yalaaa! Puani! Wameingia puani!" Akapiga chafya, HAAA-CHIAAA! Maji yote yaliyokuwa yamebaki mkongani yakamwagikia mchangani, tss, yakanywewa. Ndovu akaitazama ile alama ya unyevu mpaka ikakauka. Alikuwa karibu kulia.

"Hata miti ya hapa ina roho mbaya," akasema Nyati.

"Haina roho mbaya," akasema Bi Mbodze. "Haijazoea wageni."

Siku ya tatu Kanga akaweka kokoto ya tatu, ko! "Bado nne!" akapiga kelele. "Bado nne! Bado nne!"

"Nyamaza!" wakamfokea, lakini sauti zilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Adhuhuri, Bi Mbodze akamwita mumewe. Safari hii hakuigiza. "Tsuma, uchungu umeanza."

Tsuma akatazama chini ya mgunga. Wale wawili wamesimama palepale, miguu minane, kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kuondoka. Wanatingishika kwa kiu lakini hawatoki. Heshima imewashika.

"Sasa tufanyeje?" akauliza.

Bi Mbodze akauma meno. "Mume wangu, ule mto ulioupitia siku ile. Ulikuwa unalia vipi?"

Tsuma hakuelewa kwanza. Kisha, nasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akaelewa bila kukanyagwa. Akasogea karibu na wageni, akakaa kivulini, akaanza kwa pua yake ile ndefu, polepole, kama anajipigia tu wimbo:

"Churuuu... churuuu... chubwi."

Sikio la Ndovu likasimama.

"Churuuu... bwi-bwi-bwi... churuuu..."

"Nyamaza, bwana," akasema Nyati kwa sauti ya kuomba.

"Samahani, mzee. Nakumbuka mto tu. Maji ya baridi, unaingia mpaka magotini... chubwi!"

"Nimekumbuka!" Ndovu akaropoka. "Shangazi yangu ni mgonjwa! Lazima nikamwone!"

"Shangazi yako?" Nyati akaruka. "Nampenda sana! Nakusindikiza!"

"Hapana, kaa, nitakwenda peke yangu!"

"Haiwezekani, mgonjwa ni wa watu wote!"

Na hapo wakatimka. Gudu-gudu-gudu-gudu! Vumbi likapaa. Hakuna aliyetazama nyuma, wala aliyeuliza shangazi anakaa wapi. Kanga akaruka juu ya mti akipiga kelele mpaka nyika nzima ikasikia: "Wameshuka! Wameshuka! Wote wawili! Wameshuka!"

Vumbi halijatulia, mtoto akazaliwa. Jike. Miguu minne myembamba, pua ndefu, na alama zake mbili za machozi tayari usoni. Bi Mbodze akamlamba, akamsukumia chini ya miiba, na safari hii alilia machozi yenyewe.

Kesho yake asubuhi, pale kwenye mpaka, ikasikika sauti.

"Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Nyati, ametapakaa tope mpaka kwenye pembe, amesimama nje kabisa ya lile lundo. Amejifunza.

"Karibu, lakini hapo hapo," akasema Bi Mbodze.

"Sikuja kukaa. Mzee mwenzangu ameona haya kuja, yuko kule anakunywa tangu jana. Nina swali moja tu, na usiponijibu sitalala. Wewe mama, siku zile tatu, ulikunywa wapi?"

Bi Mbodze akachuma jani moja kati ya miiba miwili, umande bado uko juu yake. Akalitia kinywani, akatafuna taratibu, akameza.

"Nyinyi kisima chenu mnakifuata," akasema. "Mimi changu nakitafuna."

Nyati akaitazama ile miiba. "Na yale majani ya mswaki?"

Bi Mbodze akamgeukia mumewe, akatabasamu. "Haya, Tsuma. Sema sasa."

Tsuma akavuta pumzi, akafumba macho.

"CHUMVIII!" akapiga ukelele mpaka mtoto akashtuka. "Yana chumvi! Yana chumvi! Siku tatu nimelimeza hili neno!"

Mpaka leo Ndovu na Nyati wako mtoni na digidigi wako nyikani, na kila mmoja anaishi vizuri pale anapopajua. Kumbukeni na nyinyi: nyumba usiyolala ndani, huijui ila yake.