Farasi Ishirini wa Mlimani

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Sema wewe uliyekuwapo!

Palikuwa na vita, wenzangu. Basi sogeeni karibu, na mwenye mtoto anayelia ambembeleze, maana hadithi hii haitaki kelele.

Zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, kulikuwa na miji miwili, Mlimani na Bondeni. Huko Mlimani kulikuwa na farasi ishirini. Weupe wote, weupe kama tui la kwanza. Nchi nzima hapakuwa na farasi kama wale. Mkubwa wao alikuwa farasi jike mzee, jina lake Shani. Na mlezi wao alikuwa Mzee Shekue, aliyewajua mmoja mmoja, huyu kwa mlio wake, yule kwa kishindo cha kwato zake.

Kwenye banda hilo hilo aliishi Punda. Kazi yake kubeba maji. Farasi hawakumsemesha. Wao walikunywa kwanza, yeye akanywa yaliyobaki.

Basi miji ile miwili ikagombania mfereji wa maji. Ugomvi ukawa vita. Wakapigana msimu wa kwanza. Wakapigana msimu wa pili. Wakapigana msimu wa tatu. Mashamba yakaota magugu, na Mlimani ikaingia njaa.

Sasa yuko Fisi. Fisi alikuwa mshauri wa Jemadari wa Mlimani. Kila siku akipita kwenye banda la farasi, anameza mate. Siku moja akamwendea Jemadari.

"Jemadari, nimesikia watu wa Bondeni wanakuja kuwaiba farasi."

"Umesikia kwa nani?"

"Masikio yangu yanasikia yenyewe. Wachinje, Jemadari. Nyama wapewe askari wako. Mimi sitaki kitu, nitaokota mifupa tu."

Jemadari akawatazama askari wake. Mbavu zilikuwa nje nje. Akasema, "Kesho kutwa, jua likianza kushuka, wachinjwe wote."

Mzee Shekue akaenda kumpigia magoti. Mara ya kwanza Jemadari akamwambia, "Askari wangu wana njaa." Mara ya pili akamwambia, "Afadhali tuwale sisi kuliko wapandwe na adui." Mara ya tatu alimpa mgongo.

Mzee akarudi bandani, akakaa kwenye majani makavu. Akafikiri. Kisha akasimama, akamwendea Punda.

"Punda, wewe kila siku unatoka kwenda kisimani. Hakuna anayekuangalia. Nenda Bondeni."

"Kwa adui?"

"Kwa adui. Humu mjini nimeomba nimechoka. Mtafute Akida Mwinjuma, mkuu wa askari wao. Nasikia akisema jambo, amesema. Mwambie aje awachukue farasi hawa kabla hawajachinjwa."

"Farasi hawa hawa wasionisemesha?"

"Hawa hawa, baba."

Punda akatikisa masikio. Akasema, "Nifungie vibuyu vya maji mgongoni, nionekane niko kazini."

Akatoka. Akashika njia, huku anaimba. Mniitikie, jamani, Punda hakuwa na wa kumwitikia:

*Kwato zangu, twendeni!*
— *Twendeni!*
*Mbele kuna kazi,*
— *Twendeni!*
*Nyuma kuna nini?*
— *Twendeni!*

Fisi akamwona. Akakata njia ya mkato, akamtangulia mbele.

"Punda, kisima umekipita."

"Kile kimechafuka."

"Huko mbele mwamba umeanguka. Njia hakuna."

"Nitaupanda," akasema Punda. Akapita. *Kwato zangu, twendeni!*

— *Twendeni!*

Fisi akamtangulia tena. Akamkuta Punda amechoka, povu mdomoni.

"Punda, ndugu yangu, hapa kuna majani mabichi. Kula, ulale kidogo."

Punda akayatazama yale majani. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Akayatazama tena. Akasema, "Nitakula nikirudi." Akapita. *Kwato zangu, twendeni!*

— *Twendeni!*

Fisi akamtangulia mara ya tatu, mpaka mtoni. Ng'ambo ya mto ndiyo Bondeni.

"Punda, ukivuka umekwisha. Wale wakimwona punda wanamchuna ngozi, wanaiwamba ngoma."

Punda akayatazama maji. Akasimama pale ukingoni, Fisi anacheka. Kisha Punda akasema, "Wakiniwamba ngoma, watanipiga. Wakinipiga nitalia. Na nikilia, ujumbe watausikia." Akaingia mtoni.

Fisi hakuvuka, aliogopa mikuki. Akarudi zake anajisemea, "Hata akifika, nani atamsikiliza punda?"

Ni kweli, askari wa Bondeni walipomsikia walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Akida Mwinjuma hakucheka. Alimpa Punda maji, akamwambia, "Sema tena, taratibu."

Punda akasema tena.

Askari mmoja akainuka, jina lake Kihiyo. Akasema, "Akida, huu ni mtego. Na hata kama si mtego, waache wafe. Mdogo wangu Kaniki aliuawa pale kivukoni na mtu aliyepanda mmoja wa farasi hao. Leo mimi niende kuwaokoa?"

Akida akamjibu kwa upole, "Kihiyo, aliyetupa mkuki ni farasi?"

Kihiyo akakaa chini.

"Vita hivi ni vyetu," akasema Akida. "Wao hawakuvitaka. Mimi naondoka sasa hivi. Simlazimishi mtu."

Wakainuka askari sita. Kihiyo akabaki amekaa. Wale wakaanza kwenda, wakafika kwenye mgomba wa mwisho, ndipo wakasikia hatua nyuma yao.

"Nakuja kukuchunga wewe, Akida," akasema Kihiyo. "Si wao."

Basi wakawa saba, na Akida wa nane, na Punda mbele.

Wakafika Mlimani siku yenyewe ya kuchinja. Jua limesimama utosini, askari wa Jemadari wamelala vivulini kwa njaa. Lakini mlangoni mwa banda ameketi Fisi, anangoja mifupa yake. Watu wa Akida wakajificha kwenye migomba. Punda akaenda peke yake, anakimbia.

"Fisi! Umekaa hapa, na wenzako wanakula?"

"Wanakula nini?"

"Wameshaanza kuchinja! Mifupa imerundikwa kwenye kile chumba cha majani huko ndani. Mbwa wote wameshapita mlango wa nyuma."

Fisi hakuuliza la pili. Alipita mlangoni kama upepo, akaingia chumba cha majani, puu! Punda akaubamiza mlango kwa teke, askari wa Akida wakatoka migombani wakatia komeo.

Mzee Shekue alipomwona Akida, alimshika mkono. Hakumwachia.

"Mwanangu, nakupa farasi hawa. Lakini sikupi wawe wako. Nakupa amana. Vita vikiisha, warudi kwao. Unakubali?"

"Nakubali, mzee wangu."

Shani akasogea mbele. Wale wengine nyuma yake hawakuinua kwato.

"Na mimi nina langu," akasema. "Utatupanda twende kuwapiga waliotulea?"

"Sitawapanda."

"Utawatenga watoto na mama zao?"

"Sitawatenga."

"Mzee Shekue utamwacha hapa auawe kwa ajili yetu?"

Akida akamgeukia mzee. Mzee akasema, "Mimi nibaki nifunge mlango." Shani akalala chini, kimya, kama jiwe. Hakuinuka mpaka mzee alipokubali kwenda.

Wakatoka. Farasi ishirini, Punda, mzee na askari, wakateremka mlima kwa haraka. Lakini kule bandani Fisi alikuwa amegundua kwamba kwenye majani hamna hata mfupa mmoja, akaanza kulia. Alilia mpaka Jemadari akaamka. "Wafuateni!"

Walipofika mtoni, mishale ikaanza kuanguka majini, chwa! chwa! Farasi wakavuka, wakubwa kwa wadogo. Nyuma kabisa alikuwa mtoto wa farasi, mtoto wa Shani, wa wiki tatu tu. Maji yakamzidi. Akaenda chini, akaibuka, akaenda chini tena.

Aliyekuwa karibu naye alikuwa Kihiyo.

Kihiyo akautazama mkuki wake. Akautupa mtoni. Akapiga mbizi, akamshika yule mtoto, akamtia mabegani, miguu miwili huku, miguu miwili huku. Mshale ukampata mkononi. Hakumwachia. Akavuka naye.

Watu wa Jemadari wakakomea ukingoni. Kihiyo akamlaza mtoto mchangani, akakaa, anahema, damu inamtiririka. Shani akaja akamlamba mwanawe. Kisha akamwambia Kihiyo, "Nakufahamu sura. Umefanana na kijana aliyeanguka hapa hapa kivukoni."

"Alikuwa mdogo wangu."

"Mimi ndiye niliyepandwa siku ile. Nilivutwa hatamu nimpite juu. Sikumkanyaga. Nilimzunguka."

Kihiyo akaweka kichwa magotini, akalia. Tangu mdogo wake afe, hakuwa amelia.

Huko Mlimani Jemadari akafungua chumba, akamkuta Fisi peke yake. "Ulisema utaokota mifupa," akamwambia. "Okota yako!" Akachukua lile komeo akamtandika nalo kiunoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Fisi, mbele yuko juu, nyuma yuko chini.

Na Bondeni farasi walipopelekwa kunywa maji, Shani aliwazuia wote. Akamwambia Punda, "Tangulia wewe."

Mvua zikaja, watu wakachoka kuzikana, miji ikapatana. Akida akaenda kwa Sultani wa Bondeni.

"Bwana wangu, vita vimekwisha. Naomba ruhusa niwarudishe farasi kwao."

Sultani akacheka. "Farasi kama hawa? Waache. Nitakufanya waziri."

"Bwana wangu, nilikubali amana."

"Nitakupa binti yangu."

"Bwana wangu, nilikubali amana."

Sultani akakasirika. "Basi nitakuvua uakida!"

Akida Mwinjuma akafungua upanga wake kiunoni, akauweka chini, mbele ya Sultani.

Ndipo Kihiyo akatoka kwenye safu, mkono bado umefungwa. Akasema, "Bwana wangu, hapa barazani hakuna aliyewachukia farasi hawa kama mimi. Kama ni kulipwa kwa vita hivi, wa kulipwa ni mimi, nimezika ndugu. Nami nasema warudi."

Sultani akatazama huku, askari wamesimama. Akatazama huku, askari wamesimama. Akatazama chini. "Wapelekeni," akasema. Lakini upanga hakuurudisha.

Wakawapeleka, mikono mitupu, bila mkuki hata mmoja. Watu wa Mlimani waliposikia vishindo walidhani ni vita tena, wakafunga milango. Kisha mtoto mmoja akachungulia, akamwona Mzee Shekue mbele. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Akida hakuwa akida tena. Alirudi nyumbani kulima.

Haukupita mwaka, Sultani wa Bondeni akataka vita tena. Akapiga ngoma ya kuita askari. Hakutoka mtu. Akapiga mara ya pili. Hakutoka mtu. Akapiga mara ya tatu, akatoka Kihiyo, amevaa kanzu safi.

"Wenzako wako wapi?" akauliza Sultani.

"Wako Mlimani, bwana wangu. Mmoja wetu anamwoa mjukuu wa Mzee Shekue. Nami ningekuwa nimeshafika, ila umenichelewesha."

Enyi mnaonisikiliza, mafunzo yake ni haya: ukikabidhiwa kitu cha mtu, hata awe adui yako, kitunze, ukirudishe. Ukipoteza cheo kwa hilo, poteza. Watu watakuwa wamekuona.

Mimi hapa ndipo ninapoteremka. Mliyoyapenda mkamsimulie asiyekuwapo. Msiyoyapenda niachieni, nitarudi nayo kwangu.