Kisima cha Watu Wanne

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi ajifinye, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, katika jangwa lisilo na mto wala dimbwi, palikuwa na kisima kirefu cha watu wanne. Galgalo alisimama chini kabisa akichota, juu yake Dida, juu yake Guyo, na ukingoni Halkano. Ndoo ya ngozi ilipanda mkono kwa mkono huku wakiimba, na ng'ombe wa kila mmoja wakinywa kwa zamu.

Lakini ng'ombe wa Halkano walinenepa kuliko wote, na kijicho kikamla Galgalo mpaka mifupani.

Siku moja jini wa kisima akaibuka miguuni pake. "Sema, nikuondolee nani?"

"Halkano!"

Halkano akatoweka, akatupwa kwenye kisima kingine nyuma ya kilima.

"Jamani, Halkano wetu yuko wapi?" akalia Dida.

"Na huyu!" akasema Galgalo. Dida akatupwa huko huko.

Guyo akaacha kuimba.

"Na huyu pia!" Guyo naye akaenda.

"Haya, kisima ni chako," akasema jini, akazama.

Galgalo akacheka. Akajaza ndoo, akaiinua juu ya kichwa. "Pokea!"

Hakuna aliyepokea. Huko juu ng'ombe wake walilia kwa kiu. Mara nyuma ya kilima zikasikika sauti tatu zikiimba wimbo wa maji, na kwato za ng'ombe wake zikakimbilia huko, zikafifia.

Na mnajua alisema nini, peke yake, maji yakimfika magotini?

"Huyo Halkano! Sasa na wangu watamnenepea."