Mbonea na Pofu Mwenye Pua

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, moto huu nimeukoka mimi. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa upinde, pakawa mshale, pakawa na mlima uliovitazama vyote viwili ukanyamaza.

Hapo kale, kabla babu wa babu yangu hajajifunza kusema uongo, alikuwapo mwindaji milimani, jina lake Mbonea. Kwa upinde alikuwa hodari, karibu kunifikia mimi. Kwa mdomo alinipita.

Mkewe, Nakijwa, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Na desturi ya kule ilikuwa hivi: mzazi wa mara ya kwanza hatoki nje mpaka baba mtoto alete ngozi ya pofu, ikatwe mbeleko. Ngozi ya kuazima haifai. Ya mbuzi ndiyo kabisa, ni matusi.

Pofu mnamjua? Ni jamaa wa swala, lakini mwili kama fahali, na akitembea magoti yake hulia tak, tak, tak. Mlima ule ulikuwa na mmoja, dume, mzee, mjuvi.

Basi mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Wenzake Nakijwa walikwisha kulima. Yeye mbegu zake za maharage zilikuwa mlangoni ndani ya ungo, naye ndani na mtoto. Mvua ikinyesha hajapanda, mwaka ule watakula nini?

"Baba mtoto," akasema, "mawingu hayo."

"Kesho!" akajibu Mbonea. "Pofu mwenyewe akinisikia jina hujilaza chini."

Alfajiri Mbonea akasimama mlangoni, akachota jivu kwenye kifuko chake, akalirusha. Jivu likamrudia usoni. "Vizuri," akasema, "upepo unatoka mlimani. Nitamnusa mimi, yeye hataninusa." Akala ndizi zake akashiba, akapanda mlima. Jua nalo likapanda. Hata hajavuta upinde, akasikia kutoka juu:

"Mbonea, Mbonea, mume wa Nakijwa! Leo umekula ndizi!"

Tak, tak, tak, pofu huyo akaenda zake.

Nyumbani mkewe akauliza, "Umeleta nini?"

"Nimeleta habari."

"Habari haimbebi mtoto mgongoni."

Siku ya pili, jivu mlangoni, likamrudia usoni. Akala maharage, akapanda, na jua likapanda.

"Mbonea, Mbonea, mume wa Nakijwa! Leo umekula maharage! Na chumvi imezidi!"

Tak, tak, tak.

"Umeleta nini?"

"Mke wangu, upinde huu umepinda."

"Upinde usiopinda ni fimbo, bwana."

Siku ya tatu, jivu mlangoni, likamrudia usoni. Akala viazi vya kuchoma, akapanda, na jua likapanda.

"Mbonea, Mbonea, mume wa Nakijwa! Leo umekula viazi, kimoja kimeungua!"

Mbonea akaketi juu ya jiwe. "Ewe pofu, unajuaje?"

Sasa, pofu angekwenda zake tu, mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini sifa ni tamu hata kwa mwenye pembe.

"Nina pua mimi!" akasema. "Jivu la mlangoni kwako ni la mlangoni kwako. Asubuhi ya baridi upepo hushuka bondeni. Jua likipasha majani, upepo hugeuka, hupanda, huniletea harufu yote ya jikoni kwenu! Hodari gani hajui hilo?"

Tak, tak, tak.

Mbonea akarudi kimya. Nakijwa akamtazama. "Unaumwa?" Akatikisa kichwa tu. Usiku mawingu yakanguruma.

Siku ya nne akaondoka kabla ya alfajiri, hakula kitu. Akaupita mlima kwa nyuma, akazunguka, akangoja upande wa pili mpaka upepo ugeuke, ndipo akatokea juu kabisa, juu ya malisho ya pofu. Lakini aliujua ugonjwa wake: akimwona pofu tu, atajigamba. Basi pale penye chemchemi akajaza maji mdomoni, akafumba.

Jua lilikwisha kupasha majani. Akarusha jivu kidogo. Likapanda likamfuata usoni. Na kweli, harufu ya pofu ikaja, harufu ya majani mabichi.

Tak, tak, tak. Pofu akasimama, amempa mgongo Mbonea kule juu, ananusa bonde. Ananusa. Ananusa tena. "Mbonea, Mbonea," akaita, "leo umekula nini?"

Wee! Maneno yakamjaa Mbonea mpaka mashavu yakavimba. *Leo nimekushinda! Leo wewe ndiye uliyekula majani!* Machozi yakamtoka. Maji yakakaa. Akavuta upinde, akaachia.

Pofu akapiga magoti, tak, akalala. Ndipo Mbonea akameza maji, akashuka, akamfunika macho kwa majani.

"Umeleta nini?" akauliza Nakijwa.

Mbonea akaiweka ngozi mlangoni.

"Leo umeleta," akasema Nakijwa.

Ngozi ikasuguliwa mafuta, ikalainika, mtoto akafungwa mgongoni, na ungo wa mbegu ukatoka nje. Mbegu ya mwisho ilifukiwa tone la kwanza likianguka.

Fundisho mnalo: pua ilimlinda pofu, mdomo ukamuuza. Hadithi yangu naiacha pale mlimani. Mwenye kuitaka aifuate, ila aangalie upepo.

Na ubavu wa yule pofu niliula mimi. Mnabisha? Nani alikuwepo? Haya, nipeni maji. Si ya kunywa, ya kuweka mdomoni, maana nikiendelea nitasema mshale ulikuwa wangu.